Wewe raia wa wapi? Ukiulizwa hivyo Tanga, jua polisi, Uhamiaji na mahakama nani ana kazi gani

Nyie mnaopanda gari za Horohoro, kule mpakani na Kenya, mnalijua hili. Gari linasimama kizuizini, askari anaingia, anapitisha macho kiti kwa kiti alafu anamuita mmoja tu, "wewe, shuka na kitambulisho". Wengine wote tunageukia dirishani. Aliyeshuka anaweza akawa Mkenya aliyevuka bila kugonga paspoti, anaweza akawa kijana wa Ethiopia anayepelekwa kusini na mawakala, na anaweza akawa mtoto wa Maforoni kabisa ambae babu yake kazikwa hapo hapo ila lafudhi yake ina Vanga ya Kenya ndani. Huyu wa mwisho ndio ananiuma zaidi, maana mara nyingi haki anayo ila hajui amwambie nani nini, anamaliza maneno yote pale barabarani kwa mtu ambae hata akimuamini hana uwezo wa kulimaliza hilo jambo.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote. Polisi kazi yake ni kushuku na kukamata, Uhamiaji ndio wanaochunguza kama wewe ni raia au mgeni mwenye kibali, na hakimu anaamua kama kuna kosa. Ukichanganya hizo ngazi utaumia. Ukimbishia askari kama vile yeye ndie hakimu utalala ndani, na ukimjibu hakimu kama vile unamuomba askari akusamehe unaweza ukajifunga mwenyewe kwa mdomo wako, hilo la pili ntalirudia huko chini kwa sababu ndilo linalovunja watu wengi.

Kwanini Tanga swali hili haliishi

Mpaka wetu na Kenya walichora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakaanzia mdomoni mwa mto Umba wakapiga mstari kwenda Ziwa Jipe na Kilimanjaro. Wadigo, Wasegeju na Wavumba walikuwepo tayari, wakajikuta nusu huku nusu kule. Harusi zinaenda Lunga Lunga upande wa Kenya, misiba inakuja Moa upande wetu, wavuvi wa dago, wale wa kambi za muda, wanalala popote samaki walipo, bahari haina geti. Alafu kuna mkonge, enzi za mkoloni mashamba ya Muheza, Korogwe na Tanga yalivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Msumbiji, Burundi, Rwanda na kwingine, wakazaa, wakajukuu, na leo hao wajukuu wana majina ambayo askari akiyasoma anakunja uso. Handeni kule Chogo kuna Wazigua waliorudi kutoka Somalia kama wakimbizi, wamepewa uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba na kupewa, Kizigua chao kimekaa sawa kabisa. Na sasa hivi Chongoleani, kwenye mwisho wa bomba la mafuta linalotoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, kuna wageni wa kila rangi wanafanya kazi kihalali.

Yaani mkoa huu sura, jina na lafudhi havikuambii kitu. Askari mzuri analijua hilo. Ila na wewe lazima uwe na kitu kingine cha kuonyesha zaidi ya kusema "mimi wa hapa hapa".

Barabarani au mtaani

Polisi anaweza kumkamata mtu bila hati ya mahakama akiwa na sababu za msingi za kushuku kwamba kuna kosa limetendeka, na kuingia au kukaa nchini bila kibali ni kosa, kwa hiyo msianze zile za "wewe polisi uhamiaji inakuhusu nini". Inamhusu. Zote mbili ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na doria nyingi za huku mpakani wanafanya pamoja. Mgambo nae ana uwezo wa kukamata kisheria, na hata raia wa kawaida akimkamata mtu anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa, sio wakufungie kwenye ofisi ya mtaa usiku kucha.

Lakini kutokuwa na kitambulisho mfukoni hakukufanyi kuwa mgeni. Ni sababu ya kuulizwa maswali zaidi, basi. Ukisimamishwa, salimia kwanza, shikamoo haipunguzi kitu, alafu taja jina lako kamili, mtaa, kata na mwenyekiti wako. Mfano: "Afande mimi naitwa fulani bin fulani, naishi Msambweni ya hapa Tanga, mwenyekiti wa mtaa namba yake hii hapa, mpigie tu. Naomba kujua nashukiwa kwa kosa gani." Hiyo sentensi ya mwisho iseme kwa upole lakini iseme, kwa sababu sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka anaekukamata akuambie sababu ya kukukamata.

Usidanganye. Hapa naomba mnisikie vizuri. Kama mama yako ni wa Kwale sema ni wa Kwale. Watu wanaficha mzazi Mkenya wakidhani wanajiokoa, baadae Uhamiaji wanafukua, sasa inakuwa una kesi ya kusema uongo juu ya jambo ambalo lenyewe lingekuwa halina shida, maana mzazi mmoja Mtanzania anatosha kukupa njia ya uraia.

Usikimbie pia. Na usitoe hela. Ukiombwa "ya kumaliza hapa hapa" kumbuka kwamba hela haikupi karatasi, kesho utasimamishwa tena kizuizi kile kile na mtu mwingine, na wewe uliyetoa una kosa lako. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba yao ya bure ni 113.

Akitaka kukupekua mwili na wewe ni mwanamke, anaepekua lazima awe mwanamke na kwa staha. Akichukua paspoti, simu au kitambulisho chako, omba karatasi inayoonyesha kimechukuliwa, na nani, lini. Kama hakuna karatasi basi angalau jina la askari na kituo, uandike siku hiyo hiyo kabla kichwa hakijachoka.

Ukifikishwa kituoni

Iwe kituo cha Chumbageni mjini au kituo kidogo cha huko vijijini, utaratibu ni ule ule. Ndugu wa mtuhumiwa mna kazi kubwa kuliko yeye mwenyewe kwenye hatua hii kwa hiyo naongea na nyie wa nje pia.

Wewe uliye ndani: jina na anuani unatakiwa kutoa. Maswali mengine ya polisi hulazimiki kuyajibu, na una haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili kabla ya kuandika maelezo. Muda wa kawaida wa kukuhoji ni saa nne, unaweza ukaongezwa lakini kwa utaratibu. Wakiandika maelezo yako ya onyo, yaani yale unayotoa kama mtuhumiwa, usisaini kitu hujasomewa, waambie wakusomee mwanzo mwisho, na pale pameandikwa tofauti na ulivyosema sema parekebishwe. Sentensi moja kama "niliingia Tanzania mwaka fulani" badala ya "nilirudi Tanzania mwaka fulani" inatosha kukugeuza kuwa mgeni kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndio itasafiri mpaka kwa hakimu. Wewe utakuwa ushasahau, yenyewe haijasahau.

Kama umekamatwa bila hati ya mahakama, polisi wanatakiwa wakupe dhamana au wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana. Najua ijumaa jioni ikifika mambo yanakuwa mengine. Ndio maana ndugu mnatakiwa kwenda mapema, sio kusubiri jumatatu.

Nyie wa nje sasa. Nendeni watu wawili, mmoja awe na heshima mtaani, kama mzee au mwenyekiti mwenyewe, muulize kwa utulivu kosa ni nini, nani anaeshughulikia jalada, na kama jambo limeshapelekwa Uhamiaji. Hilo swali la tatu ndilo la maana kuliko yote. Kwa kawaida polisi akimkamata mtu kwa shaka ya uraia anawakabidhi Uhamiaji wamhoji, kwa hiyo lengo lenu sio kumshawishi polisi kwamba huyu ni Mtanzania, lengo ni jambo lifike haraka kwa wanaoweza kulichunguza, likiwa na karatasi zake. Mkikaa kaunta mnabishana masaa mnachelewesha wenyewe.

Dhamana ya polisi ni bure. Utaombwa wadhamini wenye vitambulisho na barua ya mtendaji, hela hapana. Kama aliyekamatwa ni mgeni kweli dhamana inakuwa ngumu zaidi kwa sababu wataogopa atavuka, hapo mdhamini mwenye makazi ya kudumu Tanga anasaidia sana.

Mtoto chini ya miaka 18 asiwekwe na watu wazima, na mzazi au afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuwepo. Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto kituoni hapo. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna watoto wanasafirishwa kuja kufanya kazi za ndani na kwenye madema ya samaki, na mtoto wa namna hiyo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamtazama kama mhanga. Kama una shaka kwamba mtu aliyeko ndani aliletwa kwa kudanganywa, liseme hilo waziwazi na mapema.

Uhamiaji

Hapa ndio kwenye moyo wa jambo. Afisa uhamiaji atataka kujua umezaliwa wapi, wazazi wako wamezaliwa wapi, babu na bibi, shule uliyosoma, nani jirani zako, lini ulitoka nchini na ulipitia wapi. Wakati mwingine wanakuuliza wimbo wa taifa au mambo ya kijijini kwenu. Kwa polisi unaweza ukanyamaza lakini kwa Uhamiaji kunyamaza ni kujichongea, sheria ya uhamiaji inawapa nguvu ya kukuhoji na kudai nyaraka, jibu ukweli na kama hujui sema hujui. "Mwaka aliozaliwa marehemu babu siufahamu" ni jibu halali kabisa, kuliko kutunga.

Karatasi wanazozitaka ni hizi, na nawaomba mzitafute sasa hivi mkiwa nyumbani mmetulia, sio siku mtu yuko ndani.

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Hiki watu wanakiamini kupita kiasi. Cheti kinathibitisha ulizaliwa wapi na kwa wazazi gani, chenyewe peke yake hakimalizi suala la uraia, ndio maana hata ukiomba paspoti wanataka na cha mzazi. Kwa hiyo chako na cha baba au mama. Mzazi asiye na cheti, na wazee wetu wengi hawana, kuna hati ya kiapo inayoapwa mbele ya kamishna wa viapo, wakili au hakimu anafanya hiyo kazi. Bado inawezekana pia kusajili kizazi kilichochelewa RITA wilayani, utabeba kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, cheti cha ubatizo kama kipo, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, chochote cha zamani chenye jina na tarehe.

Kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa, ni kizuri, kitembeze au angalau namba yake iwe kichwani. Ila kumbuka NIDA wanatoa vitambulisho vya aina tatu, cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi, kwa hiyo ukisema tu "nina NIDA" hujamaliza swali. Kadi ya mpiga kura, leseni, cheti cha ndoa, daftari la shule, risiti za kodi ya ardhi za marehemu babu, vyote vinasaidia kujenga picha. Kwa wajukuu wa manamba nawaambia hivi, zile kadi za kazi za shamba za wazee msizitupe hata kama zimeliwa na mende.

Waliopata tajnisi wana cheti cha uraia. Piga fotokopi nyingi, ya asili ifungie ndani.

Mpemba au Muunguja aliyekuja Tanga na jahazi ni Mtanzania kama wewe, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kinaonyesha hivyo, na kutoka Wete ya Pemba kuja bandari ya Tanga hujavuka nchi. Nasema hivi kwa sababu kuna wavuvi wanaulizwa paspoti na wanaanza kujitetea vibaya.

Sasa wale wenye kipande cha Kenya, yaani kitambulisho cha kule, na NIDA mfuko mmoja. Kenya tangu katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, Tanzania mtu mzima hairuhusiwi. Huku mpakani watu wanavichukua vyote viwili kwa nia njema tu, kule apate shule, huku apate shamba, ila siku ukipekuliwa vikatoka viwili umejiweka pabaya sana na hakuna maelezo matamu ya kukutoa. Nenda kaongee na mwanasheria ukiwa huru, usisubiri kizuizi.

Ndoa nayo watu wanaielewa vibaya. Kumuoa Mtanzania au kuolewa na Mtanzania hakukupi uraia siku ile ya akdi. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia ya kuomba tajnisi kupitia ndoa, lakini lazima aombe, na wakati anasubiri awe na pasi au kibali kilicho hai. Mwanaume mgeni aliyemuoa dada yetu sheria haimpi njia hiyo hiyo, na mimi kwa maoni yangu hilo linawaonea wanawake wa mpakani, ila ndivyo ilivyo kwa sasa, kwa hiyo shemeji awe na kibali chake cha ukaazi kwa sababu nyingine.

Kwa wageni wenyewe nitasema kifupi. Kibali cha ukaazi kiko daraja A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, wamisionari, watafiti na wengine. Kibali cha kazi ni kitu kingine, kinatoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya 2015, na kuwa na kimoja hakukupi cha pili. Viza ya matembezi sio ya kufanyia kazi. Mwenzetu wa Kenya haombi viza lakini anagonga muhuri Horohoro, pale pana kituo cha pamoja na wenzao wa Lunga Lunga, ni dirisha tu, kapite dirishani, njia ya panya inakugharimu zaidi. Aliyekimbia vita au mateso anatakiwa ajisalimishe kwa mamlaka ndani ya siku saba tangu aingie, sheria ya wakimbizi ya 1998 ndivyo inavyosema, kwa hiyo ukimkuta mtu wa namna hiyo usimfiche chumbani wiki tatu ukadhani unamsaidia, mpeleke.

Na kwa mgeni yeyote aliyezuiliwa, ana haki ubalozi wake ujulishwe. Aombe.

Mahakamani

Kesi hizi zinasikilizwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Mshtakiwa anasomewa mashtaka kisha anaulizwa, kweli au si kweli.

Hapo hapo. Hapo ndio pa kusimama.

Watu wanachoka na mahabusu, mtu kwenye korido anawanong'oneza "we kubali tu utalipa faini uende", wanasema "ni kweli mheshimiwa", hakimu anawatia hatiani kwa kukiri wenyewe. Kisheria aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anabaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu. Kwa Mtanzania hii ni balaa, kwa sababu umekubali mbele ya mahakama kwamba wewe sio raia, na adhabu ikiisha kinachofuata ni kuondoshwa nchini, upelekwe Lunga Lunga kwenye nchi ambayo nayo haikujui. Kisha ukirudi nyumbani kwenu unakuwa umeingia kinyume cha sheria kweli. Kwa hiyo kama wewe ni raia, sema si kweli. Kama kuna sehemu kweli na sehemu si kweli, kwa mfano ni kweli ulivuka bila kugonga muhuri ila wewe ni raia, sema hivyo hivyo kwa maneno yako, hakimu akiona kukiri kwako kuna utata anatakiwa aandike umekana.

Lugha ya mahakama sasa ni Kiswahili tangu mabadiliko ya 2021, ila asiyekielewa ana haki ya mkalimani, Muethiopia asijibu "ndio" kwa kitu ambacho hajakielewa. Ndugu mliopo mkiona hivyo mwambieni karani au wakili.

Ukishakana, omba dhamana, na anza kukusanya mashahidi. Mwenye karatasi ni wewe, kwa hiyo usikae kusubiri serikali ithibitishe kila kitu peke yake, kesi za namna hii mahakama inaangalia sana wewe umeleta nini mezani. Shahidi mzuri ni mwenyekiti wa kijiji aliyekujua utotoni, mwalimu wako, mkunga aliyekuzalisha kama yu hai, mjomba mwenye kitambulisho cha raia. Shahidi aje na kitu cha kuonyesha, sio "namfahamu" tu.

Hakimu hagawi uraia, hili nalo watu wanachanganya. Ukiachiwa huru hujapewa cheti. Chukua nakala ya hukumu, nenda nayo Uhamiaji na NIDA ukakamilishe usajili, la sivyo mwaka kesho mnarudi pale pale.

Ukitiwa hatiani baada ya kesi kusikilizwa, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, inaenda Mahakama Kuu, na Kanda ya Tanga ipo mjini hapa hapa. Siku zinaenda mbio, omba nakala ya mwenendo na hukumu siku ile ile. Na kama mtu anashikiliwa bila kufikishwa popote, Mahakama Kuu ndiyo inayopelekewa ombi la kuamuru aletwe au aachiwe. Hii ya pili inahitaji mwanasheria, na mwanasheria sio lazima umlipe, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria mpaka ngazi za chini, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata au ofisi ya halmashauri akuelekeze. Ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ikifika wilayani kwenu nenda na bahasha yako, hata kama huna kesi.

Bodaboda, manahodha na wenye nyumba

Nyie nawaweka peke yenu kwa sababu mnaangukia kwenye kosa zito kuliko la abiria. Kumsafirisha au kumhifadhi mhamiaji haramu ukijua, adhabu zinazosomwa mahakamani ni faini milioni 20 au jela miaka 20, na chombo kinaweza kutaifishwa. Boda ya mkopo inaenda hivyo. Mtu akikuambia upite kwenye mikonge usiku na abiria wawili wasiosema neno na anakulipa mara tano ya kawaida, hujaambiwa lakini umeshajua. Nahodha unaepakia watu Kipumbwi au bandari bubu yoyote kuelekea kusini, ni hivyo hivyo.

Mwenye nyumba wa kupangisha, chukua nakala ya kitambulisho cha mpangaji na mpeleke akajiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa siku anayohamia. Daftari la wakazi likiwa na jina lake na tarehe, linakusaidia wewe siku polisi wakigonga, na linamsaidia na yeye siku akiulizwa yuko Tanga tangu lini.

Ukitendewa vibaya

Andika. Tarehe, saa, kituo, jina au namba ya askari, nani alikuwepo, nini kilichukuliwa. Anza kwa mkuu wa kituo, ukikwama nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya au ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya namna hii kutoka kwa mtu yeyote, raia na asiye raia, bila malipo. Barua iwe na ukurasa mmoja, mambo yafuatane yalivyotokea, nakala ubaki nayo na wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila huo muhuri wiki mbili baadae utaambiwa barua haipo, na hapo unaanza upya.